Furushi la Zawadi

Zawadi ina sura mbili. Ya kwanza ni kitu chenyewe kinachotolewa. Ya pili ni jinsi kinavyotolewa. Mpokeaji huiona sura ya pili kabla ya ile ya kwanza, na pengine huikumbuka kwa muda mrefu zaidi. Wahenga walisema kuwa kutoa ni moyo, si utajiri. Walakini moyo hauonekani kwa macho, nao huhitaji kitu cha kuudhihirisha. Katika nchi nyingi kazi hiyo imefanywa na vitambaa, karatasi, nyuzi na majani: vitu vya thamani ndogo, ambavyo zawadi ikisha kufunguliwa huwekwa kando vikasahauliwa. Ni rahisi kwa mwanahistoria naye kuvipita bila ya kuvitazama. Lakini ndani ya vitu hivi hafifu limo swali zito: mtu mwenye kidogo atatoaje bila ya kuona haya, na kidogo chake kitapokewaje bila ya kudharauliwa?

Japani ni mojawapo ya nchi zilizolijibu swali hili kwa ukamilifu mkubwa. Chombo chake mashuhuri ni kitambaa cha pembe nne kiitwacho furoshiki. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia jina hilo asikumbuke furushi, mzigo uliofungwa kwa nguo na kukazwa pembe zake. Mfanano huo ni wa sauti tu, na ni bahati tupu. Neno la Kijapani limeundwa kwa maneno mawili: furo, yaani maji ya kuogea, na shiki, yaani kitu cha kutandika. Ni nguo ya kutandika hamamuni. Hata hivyo bahati hii imekuwa na adabu, kwa sababu vitu vyenyewe ni ndugu ingawa majina yao si ndugu. Furoshiki ni furushi kabla halijafungwa.

Asili yake ni ya zamani kuliko jina lake. Mwaka 756, baada ya kufariki Mfalme Shomu, mjane wake, Malkia Komyo, alilitolea hekalu la Todaiji, katika mji wa Nara, vitu vingi alivyovitumia mumewe. Viliwekwa katika ghala ya mbao iitwayo Shosoin, ambayo imesimama hata leo. Miongoni mwa vilivyodumu humo mna vitambaa vilivyotumiwa kufungia mavazi ya ibada na ya wacheza ngoma za kifalme. Katika zama hizo kitambaa kilikuwa kinga ya mali za wakuu. Hakikuwa bado mali ya kila mtu. Masimulizi yanaeleza kwamba jina la furoshiki lilizaliwa mwisho wa karne ya 14, katika hamamu kubwa ya mtawala Ashikaga Yoshimitsu. Mabwana waliokwenda kuoga walizifunga nguo zao katika vitambaa vyenye nembo za koo zao ili zisichanganyike, na walipotoka majini walisimama juu ya vitambaa hivyo hivyo kuvaa. Masimulizi hayo yawe kweli tupu au kweli iliyopambwa, ni hakika kuwa jina hilo limo katika orodha ya mali iliyoachwa na Tokugawa Ieyasu alipofariki mwaka 1616.

Utawala wa ukoo wa Tokugawa, ulioanza mwaka 1603, ulileta amani ya zaidi ya miaka 200, na katika amani hiyo kitambaa kilishuka kutoka kwa mabwana kikawafikia watu wote. Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa pamba. Kilimo chake kilienea, na nguo ya pamba ikawa rahisi kupatikana, hali hariri ilikuwa ghali, na mara kwa mara watu wa tabaka za chini walikatazwa na sheria kuivaa. Ya pili ilikuwa mwendo wa watu. Miji ilikua, hamamu za kulipia zikaongezeka, barabara zikajaa wachuuzi na mahujaji. Wauza dawa wa Toyama walizunguka nchi nzima na vikapu vya dawa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vyote vikiwa vimefungwa katika kitambaa kimoja kikubwa mgongoni. Mwenye duka alitia rangi alama ya duka lake katika kitambaa, na mtumishi akipita njiani, mzigo wake ulitangaza biashara ya bwana wake. Katika nchi ya Izumo familia ziliagiza vitambaa vya nili vyenye nembo ya ukoo kwa ajili ya arusi ya binti, navyo vilikwenda naye katika nyumba yake mpya. Kitambaa kile kile kilibeba nguo chafu, chakula cha safari, bidhaa, na zawadi.

Werevu wa chombo hiki umo katika mambo machache ambayo yafaa yaelezwe wazi. Upana wa kitambaa ulifuata upana wa nguo kama itokavyo katika mtande. Upana mmoja ulikuwa kama sentimita 34. Mapana mawili yaliyoshonwa pamoja yalitoa kitambaa cha kama sentimita 68, na kwa njia hiyo hapakuwa na kipande cha kukatwa na kutupwa. Kufunga nako hakukutaka sindano, gundi wala mkasi. Kitambaa hutandikwa pembe moja ikimwelekea mfungaji. Zawadi huwekwa katikati. Pembe ya karibu hukunjwa juu ya zawadi, kisha pembe ya mbali huletwa juu yake. Mwisho, pembe mbili za ubavuni huinuliwa na kufungwa fundo mara mbili. Fundo likifungwa sawa, masikio yake hulala kushoto na kulia, hukaza kwa uzito wa mzigo, na hufunguka kwa mvuto mmoja wa mkono ujuao. Likifungwa vibaya, masikio husimama juu na chini kama kwamba yanamsuta mfungaji. Uzuri wote umo humo: nguo safi, kunjo zilizonyooka, fundo lililolala. Kitambaa cha hariri na kitambaa cha pamba hufungwa kwa fundo lile lile, na fundo halijui bei ya nguo.

Jambo kubwa kuliko hayo ni kwamba kitambaa hakikuwa sehemu ya zawadi. Mgeni alifika na furushi lake, akalifungua mwenyewe mbele ya mwenyeji, akakitoa kitu na kukielekeza kwake, kisha akakikunja kitambaa na kurudi nacho. Kama kitambaa au chombo kiliachwa, kilirejeshwa baadaye, na adabu ilitaka kisirudi kitupu. Ndani yake kiliwekwa kijitu kidogo cha shukrani. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa adabu hiyo. Sahani ya futari iliyotoka kwa jirani hairudishwi tupu, na kawa lililofunika sinia hurudi kwa mwenyewe. Katika mapokeo yote mawili kifuniko huenda na kurudi baina ya nyumba mbili kama mshipi ufumao wavu. Kwa hiyo gharama ya uzuri hulipwa mara moja, na uzuri wenyewe hutumika miaka mingi. Maskini aweza kumiliki kitambaa kimoja kizuri ikiwa hakilazimiki kukitoa kila mara atoapo zawadi.

Matajiri nao walikuwa na chao, ambacho ni fukusa. Hiki kilikuwa kitambaa cha hariri kilichodariziwa, pengine kwa nyuzi za dhahabu, ambacho hakikufungwa bali kilifunikwa juu ya zawadi iliyowekwa katika sinia ya mbao iliyong'arishwa. Picha zake zilichaguliwa kwa kuafiki tukio: korongo na kobe kwa maisha marefu, msonobari kwa uthabiti. Mpokeaji aliitazama fukusa, akausifu ufundi wake, na kwa kawaida akairudisha kwa mtoaji pamoja na shukrani. Fahari ya fukusa ilikuwa kubwa mno, wala haifai kudai kwamba desturi za Japani zilikuwa za usawa. Lakini hata katika fahari ile kanuni ilikuwa moja na ya mwenye pamba: kifunikacho hutazamwa, husomwa, hurudi.

Zaidi ya nguo palikuwa na karatasi. Karatasi ya Kijapani hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za magome ya miti, hasa mti wa jamii ya mforsadi, nayo huvumilia kukunjwa bila ya kukatika. Katika nyumba za wapiganaji kulizuka elimu ya kukunja karatasi ya kufungia zawadi, iliyolindwa na koo za Ise na Ogasawara, wajuzi wa taratibu za ikulu. Kila kitu kilikuwa na mkunjo wake, na ajuaye aliweza kukitambua kilichomo kabla ya kukifungua. Katika karne ya 18 Ise Sadatake aliyaandika mafunzo ya ukoo wake juu ya kufunga na kukunja, na elimu iliyokuwa siri ya wachache ikaanza kutoka nje.

Fundo la uzi lilikuwa lugha kamili. Uzi wenyewe, mizuhiki, ni karatasi iliyosokotwa na kutiwa wanga hata ikawa ngumu: mwekundu na mweupe kwa furaha, mweusi na mweupe kwa msiba. Fundo la kipepeo, ambalo hufunguka na kufungwa tena, lilihusu mambo yanayotakiwa yarudi, kama kuzaliwa mtoto. Fundo lisilofunguka lilihusu mambo yanayotakiwa yawe mara moja tu, kama arusi. Hata kunjo za nyuma ya bahasha zilisema: katika furaha kunjo la chini hulalia lile la juu, kama mkono upokeao heri, katika msiba la juu hulalia la chini, kama uso ulioinama. Haya yote hayakuhitaji fedha. Yalihitaji kujua, na kujua ni mali ambayo mwenye nayo haibiwi. Historia ya uzi huu yaonyesha pia jinsi dhiki izaavyo ufundi. Mji wa Iida ulijulikana kwa nyuzi za karatasi zilizofungia nywele za wanaume utosini. Mwaka 1871 serikali mpya iliwaruhusu wanaume kukata nywele hizo, na soko la nyuzi likaanguka. Mafundi wa Iida waligeuza mikono yao kwenye nyuzi za zawadi, na mji huo ukawa mtengenezaji mkuu wake katika Japani nzima.

Chini kabisa ya hariri, pamba na karatasi palikuwa na nyasi. Mkulima wa mpunga hakuwa na dukani pa kununua cha kufungia. Alikuwa na mabua yaliyobaki baada ya mavuno. Katika nchi ya Yamagata mayai matano yalipangwa wima, moja juu ya jingine, yakafumbatwa na mabua yaliyofungwa baina ya yai na yai. Kila yai lilionekana, kila yai lilishikwa, na halikugusana na jenziwe. Hideyuki Oka, bingwa wa sanaa ya michoro, aliyakusanya mafungu kama hayo katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, nacho kikampa fungu lile la mayai sifa ya dunia nzima. Mkulima hakuwa amekusudia sanaa. Alikusudia mayai yafike mazima. Lakini alipoutii umbo la yai na tabia ya bua, kazi yake ikatokea na mizani ambayo wasanii wasomi huitafuta kwa taabu. Oka aliona huzuni pamoja na fahari, kwa kuwa vitu alivyovikusanya vilikuwa tayari vinatoweka mbele ya karatasi za viwanda na mifuko ya plastiki.

Ng'ambo ya bahari, katika Korea, swali lile lile lilijibiwa kwa sindano. Zama za ukoo wa Joseon, kuanzia mwaka 1392 hata 1910, kila nyumba ilikuwa na vitambaa vya kufungia na kufunikia viitwavyo bojagi. Ikulu ilikuwa na vyake vya nguo nzima, vyenye rangi na nakshi. Wanawake wa kawaida hawakuwa na nguo nzima ya kuitolea kazi hiyo; walikuwa na vipande vilivyobaki walipokata mavazi ya jamaa zao. Walivishona vipande hivyo kimoja kwa kimoja, vya pembe nne na vya pembe tatu, vyeupe na vya rangi, hata vikawa nguo moja iitwayo jogakbo. Mishono ilikunjwa na kushonwa tena ili pasiwe na ukingo uliochanika upande wowote. Kitambaa kikiwa chepesi na kikiinuliwa katika mwanga, mishono huonekana kama mistari ya kalamu. Jina la kitambaa lilikaribiana kwa sauti na neno la heri, na kushona vipande vingi kulihesabiwa kuwa kuomba umri mrefu na baraka kwa atakayekipokea. Yafaa ikumbukwe kwamba jogakbo haikutoka ikulu ikashuka mitaani. Ilizaliwa mitaani, kwa uhaba, na majumba ya makumbusho ndiyo yaliyopanda baadaye kuifuata. Ikulu ilikuwa na nguo nzima, na kwa hiyo haikuona haja ya kubuni.

Historia ya Marekani yaingia hapa kwa sababu ndiko ilikotoka desturi iliyoenea sasa karibu dunia nzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walifunga zawadi za Krismasi kwa karatasi ya kaki au kwa shashi, nyeupe, nyekundu au kijani, wakaikaza kwa uzi na lakiri. Desemba 1917 duka la ndugu wa Hall katika Kansas City liliishiwa shashi. Rollie Hall alikwenda katika kiwanda chao akachukua karatasi za nakshi zilizotoka Ufaransa, ambazo zilikuwa za kutandika ndani ya bahasha, akaziweka dukani kwa senti 10 kila moja. Zilikwisha. Mwaka uliofuata ziliuzwa tatu kwa senti 25, zikaisha tena, na mwaka 1919 ndugu hao wakaanza kuchapa karatasi zao wenyewe. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Hallmark. Mwaka 1930 kampuni ya 3M ilitoa utepe wa gundi ulio angavu, uliobuniwa na Richard Drew, na haja ya fundo ikaondoka.

Ni haki kuutazama mwanzo huo bila ya chuki. Karatasi ya senti 10 ilimpa karani na mfanyakazi wa kiwandani nakshi ambazo zamani hakuzifikia, na ilimpa bila ya kumdai saa za kushona wala miaka ya kujifunza. Jambo lililozaliwa kwa upungufu wa shashi lilikuwa lenyewe ni werevu wa mtu aliyetumia alichonacho. Walakini lilileta mageuzi mawili ambayo hayakutangazwa dukani. La kwanza, kifungio kikawa kitu cha kuchanwa. Utepe wa gundi haufunguki. Hukatwa pamoja na karatasi, na uzuri ulionunuliwa huishi mpaka zawadi inapofunguliwa. La pili, uzuri ulihama kutoka mkononi ukaenda mfukoni. Kabla ya hapo aliyefunga vizuri alikuwa ajuaye. Baada ya hapo akawa anunuaye. Mwenye mkono hodari na mfuko mtupu alijikuta amepungukiwa, hali babu zake hawakuhesabiwa kuwa wamepungukiwa.

Japani yenyewe haikuokoka. Mwaka 1950 duka kubwa la Mitsukoshi lilitoa karatasi yake ya kufungia yenye mchoro wa Genichiro Inokuma, na maduka mengine yakafuata kwa karatasi zao. Wafungaji wa maduka hayo walikuwa mafundi kweli. Walifunga sanduku kwa kuliviringisha mshazari juu ya karatasi moja, kwa kunjo safi na gundi kidogo sana. Lakini karatasi sasa ilitaja duka, na kutaja duka ni kudokeza bei. Mpokeaji aliweza kuipima heshima yake kabla hajagusa kilichomo. Katika miaka ya 1960 na 1970 mfuko wa karatasi na wa plastiki uliichukua kazi ya kubeba, na furoshiki ikaonekana kuwa kitu cha wazee. Kitu kimoja kikaweza kutiwa katika karatasi, kisha katika sanduku, kisha katika karatasi tena, kisha katika mfuko, na vyote vinne vikatupwa siku moja.

Pana watu wasemao kwamba kifungio chochote ni udanganyifu, kwamba kitu chema hakihitaji vazi, na kwamba mwenye busara hutazama kilichomo. Hoja hii ina nguvu, na methali ya kuwa kizuri chajiuza yaiunga mkono. Lakini yasahau kwamba zawadi si bidhaa. Bidhaa hufunikwa ili inunuliwe. Zawadi hufunikwa ili mpokeaji asifedheheke. Kitu kilichofunikwa humpa nafasi ya kukipokea bila ya kukipima mbele ya watu, na humpa mtoaji nafasi ya kutoa bila ya kujivuna au kuaibika. Joy Hendry, mwanazuoni wa Uingereza aliyechunguza maisha ya Wajapani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba kufunga zawadi na lugha ya heshima ni mambo ya tabia moja. Maneno ya adabu huifunika haja ya msemaji kama kitambaa kifunikavyo zawadi, na katika hali zote mbili aonyeshwaye ni yule mtu wa pili na jinsi anavyojaliwa. Msemaji wa Kiswahili, ambaye hubisha hodi, huamkia, huuliza habari za nyumbani, kisha ndipo ataje haja yake, hawezi kuikataa hoja hiyo. Naye hamwiti mwenye adabu mwongo.

Kurejea kwa kitambaa kulisaidiwa na mtu wa Afrika Mashariki. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikwenda Japani Februari 2005 akasikia neno mottainai, ambalo hutamkwa kwa majuto mtu aonapo kitu chenye thamani kinapotezwa bure. Alilishika neno hilo akalipeleka katika mikutano ya dunia, kwa kuwa alilikuta limekusanya pamoja mambo aliyoyahubiri kwa miaka mingi: kupunguza matumizi, kutumia tena, kugeuza kitu kikuukuu kiwe kipya, na kuheshimu kilichopo. Wajapani walilisikia neno lao likirudi kwao kutoka kinywa cha mgeni, nao wakalisikiliza upya. Mwaka 2006 Yuriko Koike, aliyekuwa waziri wa mazingira wa nchi hiyo, alitoa furoshiki iliyofumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa kuukuu za plastiki, akaiita kwa neno hilo hilo la mottainai. Huku nyumbani nako sheria zilielekea upande huo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Watu wengi walirudia vikapu na mifuko ya nguo ambayo wazazi wao hawakuwa wameiacha kwa muda mrefu sana.

Sheria huweza kuondoa mfuko. Haiwezi kufundisha fundo. Lakini pwani haianzi na mikono mitupu. Leso, ambayo ni mama wa kanga, ilianza katika karne ya 19 kwa vitambaa sita vya mkononi vilivyoshonwa pamoja, vitatu juu na vitatu chini, hata vikawa nguo moja ya kujifunga. Wanawake walioitunga walifanya, bila ya kuwajua, kazi ya dada zao wa Korea: waliunga vidogo wakapata kikubwa. Kanga hufunga mtoto mgongoni, hufunga mzigo wa safari, na pembe yake hufunga fedha za sokoni. Aidha kanga ni zawadi yenyewe, tena ni zawadi isemayo, kwa kuwa jina lake limechapwa juu yake. Anayefunga kitu kidogo katika kanga ametoa mara mbili, wala hapana kitakachotupwa. Na kama uwezo wake haufiki doti nzima, ukili wa ukindu, kipande cha nguo kilichopigwa pindo, au jani la mgomba lililokaushwa moto likalegea ni vitu ambavyo mkono ujuao waweza kuvipa heshima.

Historia hii haimfundishi mtu jinsi ya kuonekana tajiri kwa fedha chache. Hilo lingekuwa darasa la udanganyifu, na watu wa Yamagata au wa Korea hawakulihudhuria. Yai halikufungwa lifanane na lulu, wala viraka havikushonwa vifanane na nguo ya ikulu. Bua lilibaki bua na kiraka kikabaki kiraka, lakini kila kimoja kiliwekwa mahali pake na mtu aliyetumia muda wake akimfikiria mtu mwingine. Muda huo ndio gharama halisi ya kifungio, na ndio uonekanao katika kunjo lililonyooka na fundo lililolala. Mwenye fedha aweza kuulipa kwa mkono wa mfungaji wa dukani. Asiye nazo hana budi kuutoa mwenyewe. Kwa sababu hiyo furushi la maskini, likifungwa vema, lina jambo ambalo karatasi ya bei kubwa haiwezi kulidai: aliyeinunua zawadi, aliyeifunga na aliyeileta ni mtu mmoja.